Udongo Mtamu

Machi 2022, askari waliacha kufanya mazoezi ya shabaha katika pori la nje ya Goweko. Vibao walivichukua. Kichuguu kikubwa kilichokuwa kikipokea risasi zao miaka yote kilibaki.

Wanawake wa kijijini walishukuru. Bibi zao walichimba udongo wa wajawazito palepale kabla askari hawajaja. Bertila aliposhika mimba, mama mkwe wake, Veneranda, alimletea kikapu kizima cha udongo huo, akaukausha kwa moshi.

"Kula, mwanangu. Huu mtamu kuliko wa gengeni."

Ulikuwa mtamu kweli. Mimba ikatoka. Ya pili nayo ikatoka.

Maneno yakaanza. Siku moja kisimani jirani alimuuliza Bertila, huku akifunga kata yake, "Shoga, mkweo bado hajashiba?" Tobias, mume wa Bertila, akaacha kula kwa mama yake.

Mimba ya tatu ilipofika mwezi wa tano, Bertila aliuma bonge la udongo, jino likagonga kitu. Akatema kiganjani. Kipande cha risasi, cha kijivu. Akavunja bonge jingine. Kimo. Jingine. Kimo.

"Mama, hebu njoo uone."

Veneranda alitazama, akakaa chini polepole.

"Kumbe walisema kweli," alinong'ona. "Ni mimi."

Udongo wote waliumwaga chooni. Muuguzi wa zahanati alieleza kwamba sumu ya risasi hukaa mifupani, akamwonya Bertila asiuguse tena. Hakuugusa.

Ndipo milio ya bunduki ikaanza. Mchana, kutoka porini, mmoja mmoja. Kila ulipolia, mtoto aliruka tumboni. Tobias hakusikia kitu. Veneranda alisikia.

Kisha ikawa kila Bertila akiamka, mdomo mtamu. Udongo kwenye meno. Tobias aliuona.

"Umekula tena."

"Sijala, baba. Nifunge mikono ukitaka."

Alimfunga. Asubuhi kamba ilikuwa imekaza vilevile. Udongo ulikuwapo.

Akampeleka Tabora mjini, mtaa wa Mtendeni, kwa dada yake. Nyumba ya sakafu ya saruji, ua wa saruji. Bertila alichunga kinywa chake kama mgonjwa anavyochunga kidonda. Utamu haukuisha.

Alijifungulia hospitali ya mjini, mchana, Tobias na Veneranda wakiwa mlangoni. Mtoto wa kike, viungo vyote kamili. Hakupumua.

Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimefumbwa. Mkunga alikikunjua, kidole baada ya kidole. Ndani mlikuwa na udongo mwekundu.

Ulikuwa mkavu, na ulinuka moshi.