Wagombea Watatu wa Bibi

Kila siku akitoka shule, Chiriku alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mwingine nyumbani aliyeiweza kama yeye. Alivua sare, akanawa uso, akavuta kigoda karibu na cherehani ya bibi yake, akakunjua gazeti. Kisha alisoma kwa sauti, kuanzia ukurasa wa mbele hadi matangazo ya vifo.

Jina la Chiriku alipewa na bibi mwenyewe, maana tangu alipojua kusema hakujua tena kunyamaza. Lakini mdomo huohuo ndio uliokuwa macho ya bibi. Zamani bibi alikuwa fundi wa kushona aliyesifika mtaa mzima. Presha ya macho ilimpunguzia nuru kidogo kidogo, mpaka siku moja akaamka asione hata dirisha. Kushona hakuacha. Alipinda nguo na kufunga vifungo kwa kupapasa tu, na kifungo alichokifunga bibi hakikung'oka ovyo. Kilichomshinda ni kusoma.

Redio hakuitaka kabisa. "Watu wa redio wanapayuka," alisema. "Gazeti halinipigii kelele. Nikitaka lirudie, linarudia. Si ndiyo, Chiriku?"

"Ndiyo, Bibi. Gazeti lenyewe ndilo linalokauka koo!"

Bibi alicheka. Alimwamini mjukuu wake kama alivyoviamini vidole vyake.

Mwaka huo nchi ilikuwa ikielekea kwenye uchaguzi. Bibi alikuwa mwanachama wa chama cha wahafidhina tangu ujana wake. Hicho ni chama cha watu wanaopenda mabadiliko yaende taratibu, sheria ziheshimiwe, na kilichojengwa na waliotangulia kisibomolewe kwa pupa. Wenzake wa tawi walikuwa wamemchagua awe mjumbe wao kwenye mkutano mkuu, ambako mmoja kati ya watu watatu angeteuliwa kugombea urais. Lakini kabla ya mjumbe kwenda huko, tawi lilikuwa na utaratibu wake. Mjumbe alisimama ukumbini mbele ya wanachama, akawalinganisha wagombea mmoja baada ya mwingine, akaeleza anaelekea kwa nani na kwa sababu gani. Wasiporidhika naye, walimtoa wakampeleka mwingine.

Wa kwanza alikuwa Jenerali mstaafu, mtu asiyecheka, aliyeahidi kurudisha nidhamu katika ofisi za umma. Wa pili aliitwa Mama Spika, kwa kuwa aliwahi kuliongoza bunge; maneno yake yalikuwa makavu, wala hakuwa na mzaha. Wa tatu alikuwa tajiri mwenye kiwanda cha saruji. Nchi nzima ilimwita Bwana Saruji, naye alilipenda jina hilo.

Kwa kuwa bibi hakuweza kuandika, alibuni njia yake ya kukumbuka. Alikata tepe tatu: ya jinzi kwa Jenerali, ya kitani kwa Mama Spika, na ya hariri kwa Bwana Saruji. Kila aliposikia kwamba mgombea amevunja ahadi yake, alipiga fundo kwenye utepe wa mtu huyo.

"Maneno matamu wote wanayo," alimwambia Chiriku. "Sisi tunajiita wahafidhina. Mtu asiyeweza kuhifadhi hata neno lake mwenyewe, nchi ataihifadhi vipi?"

Tatizo ni kwamba Chiriku alikuwa na mtu wake. Bwana Saruji aliwahi kutembelea shule yao, na Chiriku ndiye aliyechaguliwa kumsomea risala. Alipomaliza, yule tajiri alimpa mkono mbele ya shule nzima. "Binti, unasoma kama mtangazaji," alimwambia. "Nikiwa rais, hapa nitawajengea maktaba." Shangwe iliyolipuka siku hiyo, acha tu! Wiki nzima Chiriku alitembea kifua mbele.

"Bibi yako si ni mjumbe?" rafiki aliyekaa naye dawati moja alimuuliza siku moja. "Mwambie ampigie kura Bwana Saruji. Tukose maktaba kwa ajili ya yule mama aliyenuna?"

"Bibi haambiwi wa kumchagua. Anasikiliza magazeti, halafu anapima mwenyewe."

"Na magazeti anasomewa na nani?" rafiki yake aliuliza, akacheka.

Chiriku naye alicheka. Lakini neno lile lilimwingia akilini likakaa.

Siku chache baadaye alikunjua gazeti akakuta kichwa cha habari hiki: Ahadi ya zahanati yageuka gofu. Akasoma kimyakimya. Habari ilieleza kwamba Bwana Saruji aliwaahidi watu wanaoishi karibu na kiwanda chake zahanati ya mama na mtoto. Kuta zilisimama, wapiga picha wakaja, akasifiwa. Baada ya hapo hakurudi tena. Jengo halikuwahi kuezekwa, majani yalikuwa yameota ndani, na wajawazito waliendelea kusafiri mbali kwenda hospitali. Wengine walijifungulia njiani.

"Mbona kimya, Chiriku?" bibi aliuliza. "Kuna nini leo?"

"Natafuta ukurasa, Bibi."

Aliuona utepe wa hariri mapajani mwa bibi, ukiwa na mafundo machache kuliko ule wa jinzi, lakini mengi kuliko ule wa kitani. Akaikumbuka maktaba. Akaukumbuka mkono aliopewa mbele ya shule nzima.

"'Ahadi ya zahanati yageuka gofu,'" alianza. "'Wananchi wamemlalamikia... wamemlalamikia Mama Spika.'"

Basi, neno likawa limeshatoka. Mikono ya bibi ikasimama.

"Nani? Hebu rudia."

"Mama Spika, Bibi. Ndiye aliyewaahidi zahanati."

Akaendelea kusoma hadi mwisho, na kila palipoandikwa jina la Bwana Saruji aliweka la yule mama. Bibi alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, bibi alipapasa utepe wa kitani akapiga fundo, akalikaza taratibu.

"Nilishaanza kumwelekea huyu," alisema kwa huzuni. "Wenzake wanajifungulia barabarani, naye ni mwanamke kama wao! Kweli binadamu humjui kwa kumsikia tu."

Jioni hiyo chakula hakikupita kooni. Mama yake, ambaye ni muuguzi, alipotoka kazini alimshika paji la uso akidhani ana homa. Homa hakuwa nayo. Nafsi ilikuwa ikimsuta. Alijiambia kesho atasema ukweli, lakini kesho ilipofika alimkuta bibi ameshaanza kuipanga hotuba yake kichwani, akapata kigugumizi. Kadiri siku zilivyopita, ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kufungua mdomo. Chiriku huyo, ambaye hajawahi kukosa la kusema!

Siku ya mkutano wa tawi alimshika bibi mkono wakaenda ukumbini. Palikuwa na mabenchi marefu, meza iliyotandikwa kitambaa cha kijani, na feni iliyozunguka kwa kulalamika. Watu walikuwa wamejaa. Bibi alivaa gauni alilolishona mwenyewe, akasimama mbele ya meza, mkono wake mmoja juu ya bega la mjukuu.

Alizungumza vizuri. Alimsifu Jenerali kwa kutoogopa wakubwa wenzake, lakini akasema anasitasita, kwa sababu aliwahi kuahidi mara mbili kutaja mali zake na hajazitaja hadi leo. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Kisha akamgeukia Mama Spika.

"Huyu anaijua sheria, na bungeni hakumpendelea mtu," alisema. "Nilikuwa naelekea kumuunga mkono. Lakini ameahidi zahanati, akajenga kuta, akawatelekeza kina mama. Hilo siwezi kulimeza. Kwa hiyo naelekea kwa Bwana Saruji."

Minong'ono ikaanza. Katibu wa tawi, mwalimu mmoja mrefu mwenye sauti ya upole, alisimama.

"Samahani, mama yetu. Zahanati hiyo ni ya Bwana Saruji. Imeandikwa gazetini, na kila mtu hapa anajua. Umeisikia wapi tofauti?"

"Ameshanunuliwa huyo!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma.

"Kapewa chake, anatupiga changa la macho!" mwingine akadakia. Kicheko kikasambaa ukumbini, kicheko kibaya.

Mwenyekiti aligonga meza. Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliuhisi mkono wa bibi ukibana bega lake kwa nguvu, halafu ukalegea. Bibi alikuwa ameshaelewa. Neno moja tu lingetosha kumtoa aibuni: mjukuu wangu ndiye aliyenisomea. Chiriku alilisubiri neno hilo.

"Kama niliyosema si kweli, kosa ni langu," bibi alisema. "Mjumbe ni mimi, si mwingine. Mkiona sifai, chagueni mwenzangu. Lakini sijapokea senti ya mtu yeyote, na katika miaka yote niliyowashonea nguo, nadhani mnanijua."

"Ndugu wanachama," mwenyekiti alisema kwa sauti nzito, "wanaotaka mjumbe mwingine wanyooshe mikono."

Mikono ikaanza kunyooka, mmoja hapa, miwili pale. Chiriku akamwona hata jirani yao wa mlango wa pili akiinua wake huku akitazama sakafu. Hapo akapiga moyo konde.

"Ni mimi!" alisema. "Shikamooni wazee wangu. Ni mimi. Bibi haoni, mimi ndiye ninayemsomea. Niliona jina la Bwana Saruji nikalitoa, nikaweka la Mama Spika. Bibi hakujua. Nilitaka ashinde Bwana Saruji kwa sababu alituahidi maktaba. Bibi hajanunuliwa na mtu."

Chiriku akaanza kulia, na hakuna aliyemnyamazisha.

Mwenyekiti alimgeukia katibu. "Katibu, gazeti lenyewe unalo?"

Katibu alilitoa ndani ya mkoba wake.

"Mpe binti," mwenyekiti alisema. "Soma, mwanangu. Msomee bibi yako, nasi tukusikie."

Chiriku alisoma. Alisoma neno kwa neno, machozi yakidondokea karatasi, na jina la Bwana Saruji akalitamka kila lilipoandikwa. Alipomaliza, mikono yote ilikuwa imeshashuka. Yule aliyepiga kelele kutoka nyuma alikuja mbele akamshika bibi mkono. "Tuwie radhi, mama," alisema. Wanachama wakakubaliana kwamba mjumbe wao abaki yeye.

"Basi, mama, sasa unaelekea kwa nani?" katibu aliuliza.

"Kwa leo sielekei kwa mtu," bibi alijibu. "Sijui tena nimesomewa nini na sikusomewa nini. Nipeni nafasi nisikilize upya. Ikifika siku ya mkutano mkuu nitakuwa nimejua."

Maneno hayo yalimchoma Chiriku kuliko kicheko chote cha ukumbini.

Walipofika nyumbani bibi aliketi, akazitoa zile tepe tatu, akafungua mafundo yote, moja baada ya jingine, mpaka zikanyooka.

"Yalete magazeti yote," alisema. "Tunaanza upya."

Chiriku hakusogea. "Bibi, umenichukia?"

"Njoo hapa." Bibi alipapasa hewani mpaka akampata, akamkalisha karibu. "Nakupenda, na sitaacha. Lakini kukupenda ni jambo moja, na kukuamini ni jingine. La kwanza hujalipoteza."

Chiriku aliinamisha kichwa.

"Nisikilize vizuri," bibi aliendelea. "Kumtaka Bwana Saruji si kosa. Ungeniambia, 'Bibi, mimi namtaka huyu, kwa sababu hii na hii.' Tungebishana hapa mpaka jioni, na labda ungenishinda. Huo ndio uchaguzi. Lakini wewe hukubishana nami. Ulinipokonya kura yangu na mimi mwenyewe nikiwa nimeishika mkononi. Na si yangu tu, maana nyuma yangu kuna tawi zima lililonituma. Mtu akikufanya macho yake, umwonyeshe kilichopo. Unachokitamani kiseme kwa mdomo wako, kwa jina lako."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimeshakusamehe. Sasa soma."

Wakaanza na gazeti la zamani kuliko yote. Habari ya kwanza ilipokwisha, bibi aliuliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza hata siku moja.

"Ndivyo ilivyoandikwa?"

"Ndivyo, Bibi," Chiriku alijibu.

Ikawa hivyo kila siku. Alisoma mazuri ya Bwana Saruji, ambaye kweli aliwahi kulipia matibabu ya wafanyakazi wake walioungua kiwandani. Alisoma makosa ya Mama Spika, maana naye hakuwa malaika. Na baada ya kila habari, bibi aliuliza swali lilelile, naye akajibu vilevile, bila kununa.

Siku moja kabla ya bibi kusafiri kwenda mkutano mkuu, Chiriku alimsomea habari ndefu iliyowalinganisha wagombea wote watatu. Ilikuwa na mengi ya kumwumiza Bwana Saruji na machache ya kumjenga. Aliisoma yote. Kisha akanyamaza, akisubiri kuulizwa.

Bibi alipapasa tepe zake kwa utulivu, akafikiri, akapiga fundo mahali alipoona panafaa.

"Haya," alisema. "Endelea na ukurasa unaofuata."

Chiriku alisubiri kidogo zaidi. Swali halikuja. Akajifuta macho kwa kiganja, akageuza ukurasa, akaendelea kusoma.