Sentimita Kumi

Jumamosi hiyo Theonest aliamka saa kumi na mbili, akapiga pasi shati, akanywa chai ya rangi bila kitafunwa, akawasha gari. Kutoka Geita mjini hadi Buseresere hakukuwa na la kusimulia. Barabara ilikuwa kavu. Alisimama sokoni akanunua sukari kilo tatu, sabuni za mche na mikate miwili, kwa sababu mtu haendi ukweni mikono mitupu. Kisha akarudi garini, akapandisha vioo, akatoa mkasi.

Kitenge alikuwa amekilaza mapajani. Kilikuwa cha bluu, chenye safu za korongo weupe. Mkewe, Kulwa, alikuwa amekivaa siku aliyofariki, mwezi wa nne. Theonest hakukifua. Kwa miezi sita alikuwa akilala amejifunika nacho uso, na harufu ya Kulwa ilikuwa bado imo, kidogo tu, kwenye upindo wa chini. Mafuta ya nazi, moshi wa mkaa, na kitu cha tatu ambacho hakujua kukitaja.

Sasa wakwe walikitaka.

"Chote," Mzee Maige, mjomba wa marehemu, alikuwa amemwambia kwenye simu. "Nisikilize, mkwe. Doto anapoa mwili, baridi inampanda."

Doto alikuwa pacha wa Kulwa. Siku ya mazishi wazee waliomba Doto ashushwe kaburini, alale humo kwa muda wa kuvuta pumzi moja, atolewe, ndipo jeneza literemshwe. Ndivyo mapacha wa ukoo ule walivyoachanishwa. Pacha asiyeachanishwa, mwenzake hurudi kumtafuta. Theonest, ambaye kazi yake ni kupima maji ya mgodini, mtu wa chupa na namba, alikataa mbele ya umati. "Sitaki maigizo kwenye kaburi la mke wangu." Hayo ndiyo maneno aliyosema. Tangu simu ile ya mzee alikuwa ameyasikia upya kila alipofumba macho.

Hata sasa hakuamini kwamba nguo ya marehemu ikitiwa kwenye maji ya moto ya kijijini ingewaachanisha. Ila kwa kuwa mtu alikuwa mgonjwa, kitenge angekipeleka. Kilichomshinda kutoa ni ile harufu. Aliweka rula, akapima sentimita kumi kutoka upindo wa chini, akakata kwa mstari ulionyooka uliopita kwenye magoti ya korongo wa safu ya mwisho. Kipande kile chenye miguu tu akakikunja, akakitia kwenye mfuko wa shati, upande wa kushoto.

Akaendelea na safari.

Kijiji cha Nyaluhanga kimekaa mgongoni mwa mlima, nyumba zake zimepandana kama ngazi, vihenge vya mtama kila ua. Chini ya kijiji, kwenye bonde dogo la mawe, maji ya moto hutoka ardhini yakichemka. Harufu yake ni ya yai lililoharibika. Wanawake huteremka na viazi vitamu ndani ya nyavu, huvizamisha, hukaa kupiga soga mpaka viive. Mwaka waliooana, Kulwa alimchemshia yai pale, akamcheka kwa kuwa alikuwa akitazama saa. Dakika kumi na moja. Alikuwa bado anakumbuka.

"Shikamoo, mzee," Theonest alimsalimu Mzee Maige kando ya maji.

"Marahaba, mkwe. Umechelewa."

"Barabara ya huku juu—"

"Sisemi leo. Umechelewa tangu mwezi wa nne."

Doto alikuwa ameketi juu ya jiwe karibu na maji, amejifunga mablanketi mawili katika jua la saa nne. Binamu yake, Loveness, alikuwa akimsugua nyayo. Theonest alijiandaa njia nzima kuiona sura ile, lakini bado ilimpiga kifuani. Ilikuwa sura ya Kulwa.

"Mume wetu huyo," Doto alisema. "Umekuja kuona kama nimeshaoza?"

"Nimekuletea mikate, shemeji."

"Ya jana, najua. Kulwa alisema huwa unanunua ya jana kwa sababu wanapunguza bei."

Loveness alicheka. Theonest naye akajikuta anacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Kisha akamshika Doto mkono, kicheko kikamkauka. Ulikuwa kama chupa iliyotolewa kwenye friji.

"Nipime," Doto alinong'ona. "Najua umekuja nacho hicho kioo chako."

Ni kweli, kilikuwa garini. Kipimajoto cha kioo, cha maabara. Kwa mazoea alianza na maji: nyuzijoto tisini na mbili. Akakiacha kipoe, akakiweka kwenye kwapa la kulia la Doto. Ishirini na tisa. Kwapa la kushoto. Ishirini na tisa. Mtu wa nyuzijoto ishirini na tisa haketi akatania habari za mikate. Akapima tena. Namba ilikuwa ileile.

"Unajisikiaje, shemeji?"

"Huwa anakuja kulala kwangu. Upande wa kushoto. Ana baridi sana, Theonest. Anajisogeza, anajisogeza."

Kulwa alikuwa akilala kushoto. Jambo hilo Theonest hakuwahi kumwambia mtu.

Mzee Maige alikipokea kitenge bila kukikunjua. "Ni chote?"

"Ni chote, mzee."

Doto alipewa akitie majini kwa mkono wake. Maji yakakimeza. Yaliendelea kuchemka, mapovu makubwa, mvuke ukiwapita usoni.

Kisha yakaacha.

Hakuna povu. Hakuna mvuke. Bonde lote kimya. Wanawake wa viazi waliinuka, wakapanda mlima. Nyavu zao waliziacha.

Kitenge kikaibuka. Kilijitandaza polepole, pembe baada ya pembe, kama mtu anayetandika kitanda. Korongo weupe walielea juu ya bluu, safu kwa safu. Safu ya mwisho haikuwa na miguu. Na katikati nguo ilikuwa imeinuka kidogo, kama kwamba chini yake palikuwa na mgongo.

"Mpime," alisema Mzee Maige.

Kulia, thelathini na sita nukta tano. Vidole vya Doto vya upande huo vilikuwa vimerudiwa na damu, kucha zimerudia rangi yake. Theonest alihamisha kioo.

Kushoto, ishirini na tisa.

Mzee alikuwa anatazama upindo wa kitenge. Mstari ule ulionyooka. Alitazama muda mrefu.

"Mkwe. Ni chote?"

Mkono wa Theonest ulikuwa tayari kifuani. Kitambaa alikihisi ndani ya mfuko, chembamba, kikavu. Ingetosha kukitoa na kukitupa. Doto angepona pale pale. Na yeye angerudi nyumbani kwenye kitanda kisichonuka chochote.

"Ni chote."

Doto aliutazama mfuko wa shati. Hakukasirika. Alimtazama kama mtu anavyotazamwa akipanda basi ambalo si lake.

"Mwacheni," akasema.

Nyuma yao maji yalianza kuchemka tena.

Wiki tatu zilipita. Kazini, saa sita mchana, Stanslaus wa maabara alipokea chupa ya sampuli kutoka mkono wa kushoto wa Theonest, akaruka.

"Bosi! Ulikuwa umejifungia kwenye jokofu?"

Wenzake walicheka. Theonest alicheka nao. Alichukua kipimajoto, akaingia chooni, akafunga mlango. Kulia, thelathini na sita nukta mbili. Kushoto, thelathini na moja.

Akaomba ruhusa, akaenda nyumbani.

Dirisha la chumba lilikuwa wazi, jua limejaa kitandani. Upande wa kushoto wa godoro ulikuwa umebonyea. Aliinua mto wa upande ule. Kipande kilikuwa pale alipokiacha, lakini mkunjo wake ulikuwa mnene. Alikikunjua, akachukua rula.

Sentimita thelathini na moja.

Pale mkasi ulipopita hapakuwa na alama. Korongo walikuwa wameota magoti, matumbo, mbawa, shingo. Mmoja, wa mwanzo, alikuwa ameshapata jicho.

Simu ikaita. Doto.

"Mume wetu. Mimi ni mzima kabisa, nasonga ugali kwa mikono miwili. Tangu usiku ule uliporudi Geita, mwenzangu hajaja tena kulala kwangu."

"Nimefurahi, shemeji."

"Mzee yuko hapa. Anauliza kwa mara ya mwisho. Ukileta kesho, maji bado yatapokea. Keshokutwa hajui." Sauti ikashuka. "Theonest. Kilikuwa chote?"

Aliinua kitambaa puani. Mafuta ya nazi. Moshi wa mkaa. Na kile cha tatu, kizima, kama siku ile ya yai.

"Kilikuwa chote."

Upande wa pili wa simu ng'ombe alilia mahali mbali.

"Haya," Doto akasema. "Msalimie."

Alikaa kitandani muda kidogo, upande wa kulia. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kupima, akaingiza kioo katikati ya mkunjo wa kitambaa, akahesabu dakika tatu, akakitoa kwenye mwanga wa dirisha.

Thelathini na sita nukta tano.