Sindano Iliyojiandika Yenyewe

Kila siku kengele ya shule ikilia, Macho alipitia hospitali kabla ya kwenda nyumbani. Alikung'uta viatu barazani, akaingia wodi ya watoto na chupa ya maji ya moto mkononi na shuka safi kwapani. Mama ndiye aliyempa jina hilo la Macho, kwa sababu hakuna kilichompita. Kuku akitaga kichakani, jirani akibadilisha pazia, yeye ndiye wa kwanza kujua.

Mdogo wake aliitwa Kibogoyo tangu meno yake mawili ya mbele yalipong'oka. Alipokuwa mzima aliwaambia watu kwamba meno yameenda likizo. Sasa hakuwa na la kumwambia mtu. Homa ya mapafu ilimlaza chali, kifua kikipanda na kushuka kwa shida, midomo imemkauka. Daktari alikuwa amesema uhai wake umo kwenye sindano ya dawa, asubuhi, mchana na usiku, bila kuruka hata moja.

Zamani saa za sindano ziliandikwa kwenye karatasi iliyoning'inia miguuni pa kitanda. Siku hizi wauguzi walitumia kishikwambi, ile kompyuta ndogo ya kubeba mkononi. Mama alimwonya Macho mapema kwamba kifaa kile hakiguswi. Muuguzi mkuu alikwisha kumtoa mzazi mmoja wodini kwa sababu mwanawe alichezea vifaa.

"Tukitolewa sisi," mama alisema, "huyu atashikwa mkono na nani?"

Siku hiyo mama alikuwa uani akifua. Muuguzi wa asubuhi, aliyekuwa karibu kumaliza zamu, aliweka kishikwambi juu ya kabati dogo la Kibogoyo, mara akaitwa mbio chumba cha pili. Macho alikitazama tu, mikono nyuma, kama alivyoagizwa. Lakini macho hayohayo ndiyo yaliyomponza. Ukurasa wa mdogo wake ulikuwa wazi, na ulisema kitanda cha tatu, kile cha mlangoni. Na Kibogoyo alikuwa amehamishiwa kitanda cha tisa, karibu na dirisha!

Je, sindano ikipelekwa kwa mtoto mwingine? Macho akafuta tatu, akaandika tisa, akabonyeza Hifadhi. Papo hapo, chini ya ukurasa, pakajiandika saa na jina la muuguzi wa asubuhi. Macho hakuelewa maana yake. Alifurahi kwamba amemsaidia mdogo wake. Muuguzi alirudi akitweta, akachukua kifaa, akakikabidhi kwa mwenzake wa mchana na kwenda zake nyumbani.

Muuguzi wa mchana alikuwa mwanamke mrefu, na watoto wote walimwita Sista Twiga, hata mbele yake. Alisukuma kitoroli cha dawa kitanda hadi kitanda. Alipofika cha tisa alitazama kishikwambi, akampapasa Kibogoyo kichwani, akapita.

Mama, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka uani, mikono bado ina povu la sabuni, akamkimbilia. Alimwambia mwanawe hajadungwa sindano ya mchana. Sista Twiga akamwonyesha maandishi: dawa imetolewa mchana huu, na mwenzake. Mama akashikilia kwamba haiwezekani. Sista akamuuliza kwa upole kama alikuwepo wodini muda wote. Mama akatazama povu mikononi.

"Mama, nielewe," Sista alisema. "Dawa hii ni kali. Nikimpa mara mbili, naweza kumharibu figo, au akapona homa akabaki kiziwi. Siwezi kubahatisha."

Alimpigia simu mwenzake, simu ikawa imezimwa. Akampigia daktari, akaambiwa yuko kwenye upasuaji. Kibogoyo akaanza kuweweseka, akiita watu wasiokuwepo. Mama alikaa sakafuni, akashika mguu wa kitanda kama mtu anayezama.

Ndipo Sista akamgeukia Macho. "Wewe ulikuwa hapa. Ulimwona mwenzangu akimdunga?"

Sasa Macho alikuwa ameelewa saa ile iliyojiandika ilikuwa saa ya nini. Akisema hapana, ataulizwa maandishi yametoka wapi. Akisema yametoka wapi, mama atatolewa wodini, na Kibogoyo atabaki peke yake akiita.

"Sijui," alisema. "Sikuona."

Mama wa mgonjwa wa kitanda cha nane akaguna. "Leo Macho hajaona? Basi jua limechomoza magharibi."

Mama hakucheka. Alimtazama binti yake kwa muda mrefu, na Macho akashindwa kumtazama. Sista akasema hana budi kusubiri mpaka daktari atoke. Akaanza kusukuma kitoroli. Magurudumu yalilia kwa kero, na kila yalivyosogea mbali Macho aliona ni uhai wa mdogo wake unaosukumwa. Alishika vidole vya Kibogoyo. Vilikuwa vinachoma.

"Sista, rudi," alisema. "Hajadungwa. Ni mimi. Nilibadilisha kitanda tu, nikabonyeza Hifadhi, yale mengine yakajiandika yenyewe. Nifukuzeni mimi, msimtoe mama."

Sista Twiga hakugomba. Alifungua trei ya dawa ya Kibogoyo, akainua kichupa kidogo cha dawa ya mchana kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa kimejaa, kifuniko hakijaguswa. Peke yake kichupa kisingetosha kumshawishi, kwa kuwa mwenzake angeweza kutumia cha akiba, lakini pamoja na maneno ya mtoto kilitosha. Akaijaza sindano.

Jioni yote walisubiri. Mama hakumsemesha Macho, wala Macho hakuthubutu kumsogelea. Taa zilipowashwa, jasho jembamba likatoka kwenye paji la Kibogoyo, na pumzi yake ikaanza kutulia. Mama akafuta jasho lile kwa upindo wa nguo yake, kisha akanyoosha mkono na kumvuta Macho ubavuni pake.

Kesho yake fundi wa kompyuta aliitwa. Alikaa na kishikwambi, akakuna kichwa, akakiri kosa lake mbele ya wauguzi. Alikuwa ameuagiza mfumo kwamba ukurasa ukihifadhiwa, ujaze wenyewe saa ya dawa na jina la aliyeingia kazini. Alitaka kuwapunguzia kuandika. Hakukumbuka kwamba mtu huhifadhi ukurasa hata akirekebisha jambo dogo. Akatengeneza kitufe kingine, Dawa Imetolewa, na tangu hapo kitufe hicho tu ndicho kilichojaza saa. Na kabla ya kujaza, kilidai namba ya siri ya muuguzi.

Macho naye hakuachwa. Muuguzi mkuu alimruhusu mama kubaki, lakini akampiga Macho marufuku kuingia wodini mpaka mdogo wake aruhusiwe kutoka. Kwa hiyo kila siku baada ya shule alisimama barazani, nje ya dirisha la kitanda cha tisa. Siku moja Sista Twiga alimkuta hapo.

"Mwanangu, ulipogusa kisichokuhusu ulikosea," alimwambia. "Ulipoona kitanda kimeandikwa vibaya, ungeniita mimi au mwenzangu. Lakini kosa kubwa zaidi lilikuwa lile neno sijui. Mashine huandika ilivyofundishwa, haijui kama ni kweli. Anayejua kweli ni mtu, na mtu akinyamaza, hata daktari bingwa atatibu uongo. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Wewe ulisema kabla ya kilio. Usichelewe tena hata kidogo."

Macho aliitikia kwa kichwa, machozi yakimlengalenga. Ndani, Kibogoyo alikuwa ameketi kwa mara ya kwanza. Alimwona dada yake, akakandamiza uso kwenye kioo cha dirisha, akapanua mdomo ili aone vizuri. Kwenye ufizi wa mbele palikuwa na kitu cheupe, kidogo kama punje ya mchele.

"Limerudi kutoka likizo," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Mwambie Sista aandike."