Mashine Iliyokataa Kulala

Wapo watu wanaodai kwamba Havana hakuna majini, kuna marehemu tu. Sibishani nao. Mimi na Yamilka tumekaa ghorofa moja miaka mingi, ukuta wetu ni mmoja, na yaliyonifikia kupitia ukuta ule yananitosha. Wewe yaite utakavyo, ila usije ukayaita kwa jina lake, maana hapo ndipo mwenzio alipoponzeka.

Yalianza na jambo dogo la kuchekesha: kompyuta haikutaka kulala.

Kazi ya Yamilka ni kuhariri video za mabinti wanaotimiza miaka kumi na tano, zile sherehe ambazo mzazi yuko radhi auze friji ili binti avae gauni la kimalkia na kupigwa picha juu ya farasi wa kukodi. Kazi hiyo inataka Mac, kompyuta ya kampuni ya Apple, na Mac ya kweli Yamilka alikuwa akiiona kwenye picha tu. Basi akajiundia. Ubao mama, ule mkubwa wa sakiti, aliupata kwa mtu wa kitongoji cha Marianao, kadi ya picha ilivushwa ndani ya soksi kutoka Panama, kasha lilikuwa bati lenye kutu. Kisha akaushindilia mfumo wa Mac ndani ya mashine ambayo haikuzaliwa kuwa Mac.

Ufundi huo una sharti lake. Mfumo ukiwaka huuliza mashine: wewe nani? Na mashine lazima idanganye, ijibu mimi ni Mac halali, namba yangu hii hapa. Namba hiyo unaitunga upya, halafu unahakikisha mtandaoni kwamba haina mwenyewe. Lakini mtandao wetu, leo upo kesho haupo! Hapa watu hupitishiana folda nzima ya mipangilio kwenye flashi, mkono kwa mkono, kama majirani wanavyogawiana chachu. Yamilka alipewa folda iliyotoka kwenye mashine ya Evelio, mhariri wa mtaa wa pili, mtu wa mkono wa kushoto, ambaye tulikuwa tumemzika muda si mrefu. Ubao wa aina ileile, kadi ya aina ileile. Akanakili yote, namba ya marehemu ikiwemo.

"Nitaibadilisha baadaye," alisema. Ndiyo sisi hao. Baadaye yetu haifiki.

Mashine ikawaka vizuri, ila ilikuwa na kasoro mbili: spika zilikuwa bubu, na usingizi haikuujua. Akiiamuru ilale, feni zinanyamaza, kioo kinazimika. Akigeuka tu kwenda jikoni, kioo kimewaka. Aling'oa kipanya, aling'oa kibodi, alihamisha nyaya, alizima kila kinachoweza kuiamsha. Wapi!

"Jitu kaidi hili," akamwambia mumewe. "Kama wewe ukiambiwa ukaoge."

Osniel akacheka hadi unga ukamdondoka masikioni. Alikuwa mwokaji mikate, pandikizi la mtu, mwenye moyo wa mtoto. Kazini alikuwa akitoka asubuhi mapema, na mchana wote anashinda nyumbani. Kompyuta hakuijua hata kidogo. Simu yake mwenyewe akifunguliwa na mkewe. Mwanamke yule alimpenda Osniel kwa namna ambayo sisi majirani tulikuwa tukimwonea wivu, na nasema wivu kwa sababu ndio wenyewe.

Ikaja harufu. Yamilka alidhani ni feni, akaipuliza vumbi. Haikuwa ya kuungua. Ilikuwa harufu ya maji ya maua yaliyokaa chomboni mpaka yakavunda, maji ya makaburini, na ilitoka kwenye matundu ya kasha kila mashine ilipojiamsha.

Siku moja alirudi kutoka kwenye foleni ya mafuta akamkuta Osniel ameketi mbele ya kioo. Mgongo wima. Mkono wa kushoto juu ya kipanya.

"Unafanya nini hapo, mpenzi?"

"Naangalia tu."

Alichokuwa anaangalia kilikuwa video ya binti wa Nérida, jirani yetu wa chini, na ilikuwa imekatwa, imepangwa, imetiwa rangi kwa ustadi ambao Yamilka mwenyewe hakuwa nao. Akajilazimisha kucheka, akaenda kumpikia kahawa. Osniel aliionja, akasukuma kikombe.

"Usinitilie sukari."

"Kahawa bila sukari? We Mcuba gani wewe?"

Osniel alikuwa ameshakigeukia kioo. Jioni ile Yamilka alinigongea mlango, akaniambia kwa sauti ya chini, huku akishika kifua, "Dada, mume wangu ananiangalia kama mtu anayesubiri nimwambie jina langu."

Siku iliyofuata umeme ulikatika mchana, mtaa mzima ukapiga yowe la matusi kama kawaida yetu, na Yamilka akashukuru moyoni, maana alijua sasa kile kitu kitazima, kitazima na Osniel atainuka pale kitini aje ale. Akasimama mlangoni na sahani ya wali na maharage mkononi, akasubiri, na feni ya dari ikasimama, friji ikanyamaza, redio yangu upande wa pili ikanyamaza, lakini kioo kikabaki kinawaka, kinamulika uso wa mumewe kwa mwanga wa buluu, na feni za kasha zikaendelea kuvuma polepole, zinavuta na kutoa, zinavuta na kutoa, mpaka akagundua kwamba kifua cha Osniel kinapanda na kushuka pamoja nazo, na alipofuata waya wa umeme kwa macho aliuona umelala sakafuni, nje ya soketi, hapohapo alipouchomoa mwenyewe asubuhi, naye kutwa alidhani Osniel ameurudisha.

Sahani ikamponyoka. Osniel hakugeuka. Alianguka tu kutoka kitini, mwili mzima ukiwaka homa.

Yamilka akaniita kwa yowe, nami nikamkimbilia Nérida wa ghorofa ya chini. Nérida huuza mikate ya kukaanga, na huzungumza na wafu. Yote mawili anayafanya bila adabu. Alipanda ngazi akihema, sigara nene mdomoni, glasi ya maji mkononi. Osniel tulikuwa tumemlaza kitandani, chumba kilekile chenye mashine. Nérida hakumtazama. Aliitazama mashine.

"Hiki kinajiita nani?"

Yamilka akaeleza yote, akilia. Namba, folda, Evelio.

"Mwiba wa kujidunga huo," Nérida akasema. "Kila ukiwasha, unamwita mtu aliyekufa kwa jina lake, halafu unampa kiti. Utamlaumu kwa kuja? Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu wako ni mgeni njoo, mwenyeji ahame. Haya, tunga namba nyingine. Ile ya zamani uifute mbele yangu."

Akachora msalaba sakafuni kwa unga wa ganda la yai, akaweka glasi juu ya kasha, akaanza kupuliza moshi na kumtaja Evelio, kwa heshima kwanza, kisha kwa ukali. Yamilka akaketi. Akakosea mara kwa mara, akarudia. Namba mpya ikapatikana. Akaiwekea alama ile ya zamani, tayari kuifuta.

Hapo spika zikakohoa. Spika zile ambazo hazikuwahi kutoa hata mlio.

"Yami."

Ilikuwa sauti ya Osniel. Mimi niliisikia, Nérida aliisikia. Yamilka akageukia kitanda. Osniel alikuwa amelala kimya, midomo imefungwa.

"Yami, usinifute. Huku kuna baridi. Sioni mikono yangu."

"Usimjibu!" Nérida akanong'ona. "Wafu huazima sauti. Anajua unampenda nani."

"Mtoe huyo kitandani kwetu, Yami. Huyo siye mimi. Nakuomba, mke wangu, mwangalie vizuri."

"Nérida," Yamilka akasema, machozi yakimchuruzika, "na kama ni kweli?"

"Ndivyo wanavyosema wote, mwanangu. Wote. Futa! Mumeo anakufa hapo, futa!"

Na kweli kitandani pumzi ya Osniel ilikuwa inakatika, inakwama kooni, macho yamepinduka, na sauti ya spika ikawa inapanda, inalia sasa, inalia kama mtoto aliyefungiwa nje, inasema Yami, Yami, Yami, na moshi umejaa, na maji ya glasi yanachemka pasipo moto, na mimi, Mungu anisamehe, mimi pia nilipiga kelele, "Futa!"

Akafuta.

Kimya. Mashine ikajizima, ikawaka upya, ikajitambulisha kwa namba yake mpya. Harufu ikatoweka. Yamilka akaiamuru ilale, ikalala, haikuamka. Kitandani Osniel akavuta pumzi ndefu, homa ikashuka, akafumbua macho akatabasamu. Nérida alipiga ishara ya msalaba, akadai kahawa. Tulikumbatiana wote, tukacheka kama wehu.

Asubuhi Yamilka alimkuta mumewe ameketi barazani, ananyoosha vidole vyake kwenye jua, anavitazama kimoja kimoja. Akaketi karibu naye. Akamshika mkono, mkono uleule mpana wa mwokaji mikate. Hakutaka kuuliza. Akauliza.

"Mpenzi, siku ile ya mvua kule Matanzas, tulipokosa hela ya pete, ulinivika nini kidoleni?"

Mumewe akamgeukia taratibu, akamfunika mkono kwa mkono wake mwingine, kwa upole mwingi.

"Sijui," akamwambia. "Lakini nifundishe. Mimi hujifunza upesi."