Zawadi ya Autichi

Mezani palinuka chuma cha moto. Rattruda alinusa mkate, akanusa nyama ya nguruwe, akamnusa hata mwanawe mchanga aliyelala kwenye susu kando yake. Harufu haikutoka huko.

"Mume wangu, husikii harufu?"

"Nasikia kelele zako tu," alisema Ildelmo, mtawala wa Roccalba, akacheka peke yake.

Rattruda alikichukia kicheko hicho tangu siku Autichi, kaka yake Ildelmo, alipomkabidhi mdogo wake mkuki wa utawala mbele ya watu ili aachiwe macho yake. Ildelmo aliupokea, kisha akaagiza chuma kitiwe motoni. Autichi akapofushwa jioni ile ile, akafia mnarani kwa baridi siku ya tisa. Kwetu sisi Walombardi, anayepewa kitu hurudisha kitu, hata glavu, la sivyo aliyetoa ana haki ya kuja kudai. Ildelmo hakurudisha hata uzi.

Kesho yake harufu ilikuja na mlio: ko, ko, ko, fimbo ya kipofu ikipapasa kuta mchana kweupe, na mtu haonekani. Siku ya tatu ikafika mlango wa ukumbi.

"Mpe chake, bwana mkubwa," padri alinong'ona. "Mpe mbele yetu, aende zake."

Ildelmo alivua glavu, akaitupa sakafuni. "Haya, kaka. Vaa, usife tena kwa baridi."

Fimbo ikanyamaza, na glavu ikaanza kujaa, kidole kimoja baada ya kingine, kama mkono unaoingia humo bila haraka, ikainuka, ikawapita padri na watumishi waliojibana ukutani, hadi kidole cha shahada kikasimama mbele ya macho ya Ildelmo, na harufu ikawa kali hata nyusi zake zikaanza kujikunja na kuungua.

"Ngoja," alisema Ildelmo. "Unataka macho? Chukua ya mtoto. Nyote ni mashahidi."

"Ildelmo, usiseme hivyo. Nakuomba." Rattruda alijitupa juu ya susu.

Glavu ikanywea, ikaanguka. Harufu ikaisha. Rattruda alipitisha mshumaa usoni pa mwanawe. Mtoto alitabasamu, macho yametulia pale pale, hayaufuati mwanga.

"Tutazaa mwingine," alisema Ildelmo. Akawafukuza watu wote, akanywa divai hadi usingizi ukamlaza mezani.

Rattruda hakulia. Alishuka jikoni, akasukuma chuma ndani ya makaa.

"Cha nini, Bibi?" mpishi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mwanangu naye ametoa zawadi," alisema. "Hajarudishiwa kitu."

Chuma kilipokolea wekundu, alipanda nacho ngazi. Mlango wa ukumbi ulikuwa umefungwa kwa ndani. Glavu ikamfungulia.