Kikombe cha Pili cha Anwari

Mimi nimezurura mikahawa mikongwe ya Ulaya mji kwa mji, na nilichojifunza ni kuungua ulimi kwa heshima. Rafiki yangu Anwari, mzaliwa wa kisiwa cha Kudhaa, pwani ya Somalia, ndiye aliyefikwa na haya, huko Vienna.

Anwari daima huagiza vikombe viwili. Kimoja chake, kingine cha mamake, aliyebaki kisiwani mwaka wa tisini na moja, walipokimbia vita na mashua ikajaa. Nilimtania, "Unawanywesha majini, ndugu yangu?"

"Kwetu kahawa haiwi ya mchu mmoja," akanijibu kwa lahaja ya kwao, mchu akimaanisha mtu.

Jioni ile ya baridi dadake, Twahira, alimpigia simu kutoka Mombasa. "Kaka, tumsomee Mama hitima. Utamngoja mpaka lini?"

"Aliye hai hasomewi," akasema, akakata. Akaingia mkahawani, akaagiza viwili vyake, vikaletwa vimejaa.

Taa zikazimika. Watu wakacheka kidogo. Katika giza lile Anwari akasikia mchi ukitwanga buni polepole, halafu ukigongwa ukingoni mwa kinu, vile vile mamake alivyowaita majirani waje wanywe.

"Mama?"

Mchi ukanyamaza.

Alinisimulia haya akilia. Taa ziliporudi, kikombe chake kilikuwa kimejaa. Cha pili kilikuwa kitupu, bado kina moto, kimefudikizwa juu ya kisahani, kama afanyavyo mgeni wetu visiwani kuonyesha ametosheka, asimiminiwe tena.