Neno Nililolifuta kwenye Seva

Nina miaka thelathini na mmoja, Muha wa Katubuka, Kigoma, fundi wa kompyuta. Wanaonijua husema mimi ni mpole. Hawajui nilichomfanyia Nestori...

Nestori alivuka kutoka Burundi miaka ile ya wakimbizi. Pale Kagunga, kijiji cha mpakani kando ya ziwa, watu wakigombea kupanda meli, alipotezana na mdogo wake, Goreti. Simu hawakuwa nayo. Walichobaki nacho ni gemu la kujenga mji, walilokuwa wakicheza kwao kwenye seva ya Nestori mwenyewe. Mle ndani walikuwa na nyumba. Goreti akiandika amri "muhira", yaani nyumbani kwa Kirundi, gemu linampeleka mlangoni.

Mimi na Nestori tulifahamiana Kigoma mjini. Tukaiwasha ile seva upya kwenye kompyuta yangu, kwa anwani ileile ya mtandaoni, na pale mlangoni Nestori akabandika namba yangu ya simu, ili Goreti akifika apige. Alipopelekwa kambini akaniachia kila kitu.

"Ndugu yangu, badilisha utakavyo," aliniambia. "Muhira usiiguse. Goreti hajui njia nyingine."

Seva ilikuwa nzito jamani! Kila amri ilisomwa mstari kwa mstari kutoka kwenye skripti za zamani, wachezaji wakisubiri mpaka wanachoka. Nikapata kichakata amri kipya, chepesi, nikakaa wiki nzima nikizihamisha amri moja moja. Ziliitika papo hapo. Nikajiona bingwa.

Nilipofika kwenye muhira nikasita. Vijana wa mjini walikuwa wakinitania kwamba naendesha seva ya wakimbizi. Na sisi Waha, ambao lugha yetu inafanana na Kirundi, tunaijua adha ya kuambiwa turudi kwetu Burundi. Neno lenyewe nalijua vizuri, hata mama yangu hulitumia... Nikaliacha nje, nikaandika "nyumbani". Ningepungukiwa nini kuyaweka yote mawili? Ulikuwa mstari mmoja tu.

Tena niliweka ulinzi: ukikosea amri mara tatu, unatolewa.

Mwezi uliofuata nikapitia kumbukumbu za seva, nikaona jina la Goreti. Muhira. Muhira. Muhira. Akatolewa. Kesho yake akarudi, akaandika tena mara tatu, akatolewa tena. Nililirudisha neno siku ileile nilipoona. Hajaingia mpaka leo.

Nestori alipopata kibali cha kuja mjini, aliniuliza kama kuna mtu aliyeingia. Nikamwambia hakuna. Akanishukuru kwa kumtunzia seva yake... Mimi huyo, nikaitikia!

Juzi amenipigia. Wamemfanyia Goreti matanga kule kambini, kwa sababu wamechoka kungoja. Nikampa pole huku nalia, naye akaanza kunibembeleza mimi.

Ndugu zangu, msifute cha mtu kwa kuona aibu ya lugha yenu. Na mkikosea, semeni siku hiyohiyo. Mimi nilianza kwa kunyamaza siku moja tu, na sasa nikisema, nitakuwa namwambia Nestori kwamba amemzika mtu aliyekuwa anabisha hodi.